Nani Aliandika Jina Lake?

Tarehe 4 Februari 2023, mjini Abu Dhabi, mwanamke wa Mombasa ambaye mitaani wanamwita Mama Shamsa alipokea Tuzo ya Zayed ya Udugu wa Kibinadamu. Jina lake kamili ni Shamsa Abubakar Fadhil. Mshindi mwenzake mwaka huo alikuwa Jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma, ile iliyosaidia kupatanisha pande zilizokuwa zikipigana Msumbiji mpaka mkataba wa 1992 ukatiwa saini. Upande mmoja palikuwa na jumuiya ya Kikatoliki inayojulikana na marais, na upande wa pili mama wa Kiislamu kutoka Pwani ya Kenya, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafuata vijana waliokuwa wakivutwa na magenge, dawa za kulevya na misimamo mikali, akazungumza nao hadi wakakubali kurudi.

Tuzo hiyo ilitokana na hati ya udugu ambayo Papa Francis na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, waliitia saini pale pale Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019. Waamuzi wake ni watu wenye majina makubwa. Katika jopo la 2021 walikuwemo Catherine Samba-Panza aliyeongoza Jamhuri ya Afrika ya Kati, Jusuf Kalla aliyekuwa makamu wa rais wa Indonesia, Michaëlle Jean aliyekuwa gavana jenerali wa Kanada, Adama Dieng wa Senegali aliyewahi kuushauri Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuia mauaji ya kimbari, na Kardinali Dominique Mamberti.

Matokeo ya tuzo kama hizi yanapotangazwa, watu huuliza iwapo vigogo wa dini, sayansi na siasa wana haki ya kupima wema wa watu wasioishi nao. Mimi naona swali hilo linaulizwa likiwa limechelewa. Kabla kardinali au rais mstaafu hajafungua faili, kuna mtu aliyeketi akaandika jina fulani, na kuna maelfu ambao hakuna aliyewaandika. Hapo ndipo haki inapopatikana au inapopotea, na hapo ndipo sisi watu wa huku tunapolala.

Hayo ndiyo tuliyobishania Jumapili moja mchana barazani kwa Mwalimu, huku Ngoingwa, upande wa barabara inayotoka Thika mjini kwenda Mang'u. Mwalimu alifundisha fizikia shule za sekondari hadi akastaafu. Alikuwepo Pasta, na Ustadhi anayefundisha madrasa mjini. Alikuwepo Chifu, aliyestaafu zamani lakini watu wangali wakimwita hivyo. Aliyetuletea shughuli yote alikuwa Muuguzi, mdogo kwetu sote kwa umri. Ninaandika walivyosema, na pale ninapoona lazima nitaingiza neno langu.

MUUGUZI: Wazee wangu, nina mtu ninayetaka apendekezwe. Ni mama wa mtaa wa Kiandutu, hapa Thika. Ana vyumba viwili vya mabati. Kimoja analala yeye na wajukuu, cha pili amewaachia wasichana waliofukuzwa kwao baada ya kushika mimba. Huwaleta kliniki yeye mwenyewe, kwa miguu. Ana daftari la shule, lile nene la kurasa mia mbili, na humo ameandika kila msichana: siku aliyoingia, tarehe za kliniki, sindano ya pepopunda ya kwanza na ya pili, siku aliyojifungua, uzito wa mtoto, kama amerudi shule au hajarudi. Msichana akija bila kijitabu cha kliniki, sisi humwomba mama daftari, na tarehe zake zinalingana na za kwetu.

CHIFU: Na unataka apewe nini?

MUUGUZI: Tuzo ya kimataifa. Mama Shamsa alipewa. Bradha Peter Tabichi wa Njoro alipewa. Kwa nini huyu asipewe?

CHIFU: Binti yangu, tuzo hiyo ya Abu Dhabi mwaka 2021 alipewa António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2022 akapewa Mfalme Abdullah wa Jordan na Malkia Rania. Wakubwa wameketi, wakatazamana, wakapeana. Mfalme ana haja gani ya tuzo?

MUUGUZI: Lakini mzee, pamoja na Guterres alikuwepo Latifa Ibn Ziaten, mama mzaliwa wa Moroko anayeishi Ufaransa. Mwanawe alikuwa askari, akauawa na gaidi mwaka 2012. Yule mama hakujifungia ndani, akaanza kwenda shuleni na magerezani kuzungumza na vijana wasije wakawa kama aliyemuua mwanawe. Na pamoja na Mfalme wa Jordan lilikuwepo shirika la Haiti, FOKAL. Nimefuatilia, na miaka yote mitatu ya mwanzo walimweka mkubwa pamoja na asiyejulikana sana.

CHIFU: Mkubwa analeta kamera, mdogo analeta heshima. Nimekaa kwenye kamati maisha yangu yote, naujua mpango huo.

Neno hilo la Chifu ni kali na lina ukweli ndani yake. Hata hivyo halimpunguzii Mama Shamsa chochote. Kama kamera zilifuata jina kubwa halafu zikakuta kazi ya mama wa Mombasa, kazi hiyo ilionekana. Ninachotaka kujua ni jinsi alivyofika meza ile, maana jopo la Abu Dhabi halitembei Mombasa mtaa kwa mtaa likitafuta watu wema.

PASTA: Mimi nina shida ya mapema zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu mama anafanya kazi yake vizuri kwa sababu hakuna anayemtazama. Mpeleke Abu Dhabi, mvishe nishani, mpe dola, kisha uone kama chumba kile cha pili kitabaki cha wasichana. Bwana wetu alitufundisha kutoa bila kupiga tarumbeta.

USTADHI: Pasta, na sisi tunaiogopa riya. Amali ikifanywa ili watu waone, imeharibika. Lakini Kitabu chetu hakikukataza sadaka ya wazi. Kimesema ni njema, na ya siri ni bora zaidi. Kwa hiyo dhambi haiko katika kuonekana, iko katika nia. Na nia ya mama huyu hatuitengenezi sisi wala haiharibiwi na barua ya Muuguzi. Hata mwenyewe hajui kama anaandikiwa.

PASTA: Hajui?

MUUGUZI: Sijamwambia bado.

USTADHI: Basi hilo tulirudie kabla hatujaondoka hapa.

MWALIMU: Mniruhusu niseme kuhusu waamuzi wenyewe, maana nimewasoma. Chukueni Tuzo ya Templeton. John Templeton alizaliwa Tennessee, akatajirika kwa hisa, na mwaka 1972 akaanzisha tuzo yake. Akaagiza fedha zake ziwe zaidi ya zile za Nobel, kwa kuwa aliona Nobel imeacha nje mambo ya roho. Waamuzi wake hawakutoka dini moja tangu mwanzo, na wanasayansi pia wamekuwa wakiketi nao. Mshindi wa kwanza, 1973, alikuwa Mama Teresa wa Calcutta. Nobel ya Amani ilimfikia mwaka 1979. Jopo lile la watu mchanganyiko lilimwona miaka sita mapema.

PASTA: Na mwaka 2011 likampa Martin Rees, mwanaastronomia wa Uingereza, mtu anayesema wazi kwamba haamini Mungu. Tuzo ya mambo ya roho! Niambie kardinali au mchungaji katika jopo alikuwa wapi siku hiyo.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapolipenda jopo lile. Rees huenda kanisani na haamini, na hafichi lolote kati ya hayo mawili. Ametumia maisha kuuliza ulimwengu umetoka wapi. Kama watu wa dini katika jopo walikubali kwamba swali hilo ni lao pia, hata likiulizwa na asiyeamini, basi walikuwa waamuzi kweli. Jopo la wachungaji watupu lingempa mchungaji, na la wanasayansi watupu lingempa mwanasayansi. Ukiwachanganya, kila mmoja analazimika kueleza sababu zake kwa mtu ambaye hazichukulii kuwa ni za wazi.

Hapa niko upande wa Mwalimu. Nimekaa katika kamati za kanisa na za shule, na najua jinsi watu wa aina moja wanavyoelewana kabla ya kuzungumza. Akiingia mgeni mmoja mwenye kuuliza "mnajuaje?", kikao kinakuwa kirefu na uamuzi unakuwa bora.

MWALIMU: Halafu mwaka 2021 Templeton ilikwenda kwa Jane Goodall. Huyo ni wetu kidogo. Alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, Julai 1960, akiwa na miaka 26. Aliyempeleka ni Louis Leakey wa Nairobi. Hakuwa na shahada. Alikuwa na darubini na daftari. Sokwe aliwapa majina, na wataalamu wakamlaumu kwa sababu kanuni ilikuwa kuwapa namba. Kabla mwaka haujaisha alimwona mmoja, aliyemwita David Greybeard, akichomeka bua la nyasi katika kichuguu ili avue mchwa. Mpaka siku ile tuliambiwa kwamba binadamu peke yake ndiye anayeunda na kutumia zana. Ushahidi wote ulikuwa katika daftari.

MUUGUZI: Kama la mama wa Kiandutu.

MWALIMU: Ndiyo, lakini tofauti moja usiisahau. Daftari la Goodall lilikuwa na Leakey nyuma yake. Leakey aliandika barua za kuomba fedha na akamfungulia milango hadi Cambridge, akasomea uzamivu bila kupitia shahada ya kwanza. La mama huyu liko juu ya kabati la vyombo.

PASTA: Kama tunazungumzia waliosahaulika, mimi nina wangu. John Mbiti. Mzaliwa wa Mulango, Kitui, 1931. Amefundisha Makerere, ameishi Uswisi, amelitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kiliwafunza wasomi wa dunia kwamba Mwafrika hakungoja merikebu ije ndipo amjue Mungu. Kuna mtu aliyeifanyia elimu ya dini kazi kubwa kuliko hiyo katika bara hili? Alikufa 2019. Orodha ya Templeton nimeisoma kuanzia 1973. Tutu yumo, 2013. George Ellis wa Afrika Kusini yumo, 2004. Mbiti hayumo.

MWALIMU: Na wewe, Pasta, ulimwandikia nani?

PASTA: Mimi?

MWALIMU: Kwa miaka hiyo yote aliyokuwa hai. Ulisoma kitabu chake chuoni, ukahubiri kwa mawazo yake. Kanisa lako lina makao makuu, lina maaskofu, lina vyuo. Nani aliketi akaandika kurasa tatu?

Pasta hakujibu upesi, na sioni aibu kwake peke yake. Ninaamini kabisa kwamba Mbiti alistahili. Ninaamini pia kwamba tabia yetu ya kungoja wageni wawagundue watu wetu, kisha tuwapokee uwanja wa ndege kwa ngoma, ni tabia inayotugharimu. Tunasema kizuri chajiuza. Kazi ya kurudisha wasichana shule haijiuzi. Inafanyika usiku, ndani ya chumba cha mabati, na wanaofaidika nayo hawataki ijulikane walipitia huko.

CHIFU: Wangari hakungoja kuandikiwa na sisi.

MUUGUZI: Profesa Wangari Maathai?

CHIFU: Huyo. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park, nilikuwa kazini. Nilisikia aliyoitwa, na waliomwita hivyo si watu wa sokoni, ni wakubwa wa nchi. Bungeni walimkejeli. Chama chake cha Green Belt kilianza 1977, kinamama wakiotesha miche na kulipwa pesa kidogo kwa kila mche uliopona. Sikiliza hapo, si kwa kila mche uliopandwa, kwa kila uliopona. Hesabu hiyo hata mkaguzi wa serikali angeikubali. Miaka 27 baadaye kamati ya watu watano kule Norway ikampa Nobel, na sisi tukashangaa kana kwamba ametoka nchi nyingine.

MWALIMU: Hata Norway kwenyewe walibishana. Carl Hagen, kiongozi wa chama cha upinzani, alihoji kwa nini tuzo ya amani inakwenda kwa mpanda miti wakati dunia inaungua kwa vita.

CHIFU: Angekuja Molo au Burnt Forest akauliza watu wanapigania nini. Ardhi, maji na msitu. Kamati ile ilielewa kitu ambacho sisi tuliokuwa tukituliza fujo tulikuwa tukikiona kila msimu wa uchaguzi.

USTADHI: Kwa hiyo wakati mwingine mgeni anaona vizuri.

CHIFU: Akiandikiwa. Hata wale watano hawaokoti jina barabarani. Nobel ya Amani ina watu maalumu wanaoruhusiwa kupendekeza.

MWALIMU: Na hapo ndipo nataka sote tusikie. Nani wanaruhusiwa? Washindi wa zamani. Maprofesa wa historia, sayansi za jamii, sheria, falsafa, theolojia na dini. Wakuu wa vyuo vikuu. Mawaziri. Na wabunge, wabunge wa nchi yoyote iliyo huru. Mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Januari kila mwaka, na majina hufungiwa kwa miaka 50. Maana yake, mbunge wa Thika Mjini anaruhusiwa. Wa Ruiru anaruhusiwa. Wa Juja pia. Kutoka hapa tulipoketi hadi profesa wa kwanza mwenye ruhusa ni safari fupi ya matatu.

Niliposikia hayo nilitazama nyuso za wenzangu. Kila mwaka wa uchaguzi watu wa Thika na Ruiru huwaomba wabunge madaraja, basari, taa za barabarani na kazi kwa vijana. Sijapata kusikia mpiga kura akimwambia mbunge: una kalamu ambayo Oslo wanalazimika kuisoma, itumie. Na hao maprofesa wetu, ambao wamejaa kando ya barabara kuu ya Thika, wangapi wamewahi kuitumia nafasi hiyo kwa mtu asiye na cheo? Simtuhumu mmoja mmoja. Nasema mlango uko wazi na uko karibu, nasi tunapita mbele yake tukilalamika kwamba umefungwa.

CHIFU: Mwalimu, usitufanye watoto. Huyu mama hawezi kuwa wa Nobel.

MWALIMU: Sijasema awe wa Nobel. Nasema tujue njia. Tuzo ni nyingi na kila moja ina mlango wake. Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, yule aliyeanza na kinamama wenzake kuzipatanisha koo zilizokuwa zikiuana miaka ya tisini, alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Tabichi alipata ya ualimu. Kila mmoja alipata inayolingana na kazi yake.

MUUGUZI: Mwalimu, hebu waambie habari za Tabichi, wewe unamjua zaidi.

MWALIMU: Simjui kwa uso, namjua kwa kazi. Bradha Mfransisko, mwalimu wa hisabati na fizikia, shule ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani huko Njoro. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Alikwenda saiba mjini, akapakua masomo, akarudi nayo darasani. Asilimia 80 ya mshahara wake aliwapa wenye shida. Njoro ndiko walikochinjana baada ya uchaguzi wa 2007, naye akaanzisha klabu ya amani kwa ajili ya makabila saba yaliyokuwa shuleni pale. Wanafunzi wake wakaunda kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu. Mtu wa dini, mwalimu wa sayansi, mtumishi wa umma, ndani ya kanzu moja ya kahawia. Machi 2019, Dubai, kati ya majina 10,000 kutoka nchi 179, jopo likamchagua. Dola milioni 1.

PASTA: Na hakuharibika.

MWALIMU: Si wewe uliyesema tembo litatiwa maji?

PASTA: Nimesema hakuharibika. Sikusema wengine hawaharibiki.

USTADHI: Pengine kwa sababu alikuwa amekwisha kuzoea kutoa kabla fedha hazijaja. Mwenye tabia hiyo, milioni moja inampa tu zaidi ya kutoa.

CHIFU: Mimi bado sijaridhika na waamuzi. Mtu akiitwa "mashuhuri" ana hofu ya kulipoteza hilo jina. Atamchagua anayekubalika na wote. Atakwepa mtu wa utata.

MWALIMU: Kuna waliothubutu. Tuzo ya Mo Ibrahim ya uongozi Afrika. Kofi Annan aliongoza jopo lake mwanzoni, baadaye Salim Ahmed Salim, Mzanzibari, waziri mkuu wa zamani wa Tanzania, aliyeongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Fedha zake ni dola milioni 5. Mwaka 2009 hawakumpa mtu. 2010 hawakumpa mtu. 2012 na 2013 vivyo hivyo. 2015 na 2016 vivyo hivyo. Marais wastaafu wako pale wakingoja simu, na jopo linasema hakuna. Hao unawezaje kusema wanaogopa?

CHIFU: Hao nawakubali. Nimeona kamati ngapi zinazogawa nishani kwa sababu sherehe imekwisha kupangwa na hema limekodiwa! Kusema "mwaka huu hakuna" kunahitaji moyo. Na Afrika Mashariki, eneo hili hili tunalojisifia, hakuna rais wetu hata mmoja aliyeipata.

USTADHI: Salim ni mtu wa huku. Alijua alichokuwa akikikataa.

CHIFU: Ila kukataa nako kuna makosa yake. Nobel ya Amani haikutolewa 1948, wakasema hakuna mtu hai anayestahili. Gandhi alikuwa ameuawa Januari ile. Alikuwa amependekezwa mara tano, na mara zote tano walimwacha.

MWALIMU: Ni kweli, hakuna jopo lisilokosea. Lakini angalia kosa lile tunalijua kwa sababu gani. Tunalijua kwa sababu aliandikiwa, mara tano, na barua zimehifadhiwa. Leo historia inawahukumu waamuzi kwa barua hizo. Ambaye hakuandikiwa hata mara moja, hata kosa la kumwacha halipo kwenye kumbukumbu.

Hoja hii ya Mwalimu ndiyo iliyonishika kuliko zote. Barua ya pendekezo inafanya kazi hata ikishindwa. Inabaki kuwa ushahidi kwamba mwaka fulani, mahali fulani, palikuwa na mtu aliyefanya jambo, na majirani zake walilijua na wakalithamini kiasi cha kuliandika. Ndiyo maana nawaona wanaopuuza kupendekeza kwa kisingizio kwamba "hawatachagua mtu wetu" kuwa wanamnyima mtu huyo vitu viwili: tuzo, na kumbukumbu.

USTADHI: Sasa turudi kwa mama. Hajaulizwa. Na wale wasichana?

MUUGUZI: Hilo linaninyima usingizi. Daftari lina majina yao. Mimi kwa kazi yangu siwezi kuyatoa, na hata kama ningeweza nisingetaka. Kuna mmoja sasa ni mwalimu wa chekechea hapa hapa Thika. Mume wake hajui alipitia Kiandutu. Tuzo ikija, waandishi wa habari watakuja na kamera, watataka "wahusika".

PASTA: Hapo ndipo nilipokuwa tangu mwanzo. Nilisema siri ina thamani yake, mkaniona wa kale.

USTADHI: Pasta, umesema kweli, ila tuiweke mahali pake. Siri inayolindwa ni ya wasichana. Kazi ya mama inaweza kujulikana bila wao kuonekana.

MWALIMU: Inawezekana. Kurasa zipigwe picha, majina yafunikwe, zibaki tarehe na namba. Mwanasayansi katika jopo hatataka majina. Atataka kujua ni wasichana wangapi, miaka mingapi, wangapi walijifungua salama, wangapi walirudi shule, na wangapi katika mtaa ule ule hawakupita kwake na ilikuwaje kwao. Hilo la mwisho Muuguzi anaweza kulipata kliniki kama hesabu tu.

CHIFU: Na mtu wa serikali katika jopo atauliza anafanya kazi kwa idhini ya nani. Kukaa na watoto wa wenyewe bila barua ya ofisi ya watoto ni hatari, hata kama una moyo wa malaika. Hilo lirekebishwe kwanza, tuzo au hakuna tuzo. Mimi nitakwenda naye ofisini, hao bado wananijua.

PASTA: Na mtu wa dini atauliza kwa nini.

MUUGUZI: Kwa nini anafanya?

PASTA: Ndiyo. Ripoti nyingi haziandiki hilo. Zina takwimu na picha. Mimi ningetaka kusikia kwa maneno yake mwenyewe alimfungulia mlango nani kwanza, na kwa nini usiku ule hakuufunga. Aseme kwa Kikuyu au kwa Kiswahili chake, kisha mtu atafsiri bila kuremba.

Hapo nilisikia kitu ambacho sikukitarajia kwa Pasta aliyeanza kwa kupinga. Bila kukubali bado, alikuwa amekwisha kuingia katika kazi ya kuandika. Na maswali yale matatu, la Mwalimu, la Chifu na la Pasta, ndiyo hasa maswali ambayo jopo la mashuhuri lingeuliza. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kuyajibu kwa kwenda Kiandutu kwa miguu, nao hawawezi.

CHIFU: Jambo moja zaidi. Msiandike barua ya sifa tupu. Nimesoma barua za mapendekezo mpaka macho yakauma, kila mtu ni "mchapakazi, mwadilifu, mcha Mungu". Ukisoma ya tatu umelala. Wako waliomshinda?

MUUGUZI: Kumi na mmoja. Waliondoka bila kuaga, hawakurudi kliniki. Mama ameacha nafasi wazi katika daftari mbele ya kila mmoja wao.

MWALIMU: Waingie kwenye barua. Idadi na mwaka. Atakayeisoma atajua daftari halikuandikwa kwa ajili yake.

MUUGUZI: Na nani atatia saini?

MWALIMU: Mimi.

USTADHI: Na mimi, akikubali mwenyewe.

CHIFU: Mimi nitaipeleka kwa mbunge kwa mkono wangu. Nitamwambia ni nani anayependekezwa na kwa nini, na nitamwomba anijibu kwa maandishi kama anakataa.

MUUGUZI: Pasta?

PASTA: Alhamisi ni siku ya kliniki, si ndiyo? Nitakuja. Nimsikie mama kwanza. Akisema hataki, mniahidi barua hiyo haitakwenda, hata kama mbunge ameshakubali.

MUUGUZI: Nakuahidi.

PASTA: Basi saini yangu ingoje Alhamisi.